Vitunguu kwenye Maji ya Kisima

Mama mkwe wangu, Nyaguthii, alikuwa na duka pale Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, na nyuma ya duka alikuwa na kisima. Ukimsifia duka alisema asante, basi. Ukimsifia kisima alikukalisha chini akakupa maji. Na maji yenyewe yalikuwa matamu, siwezi kukataa. Baridi, meupe, hayana harufu yoyote. Mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa na vijito vikabaki mawe matupu, kisima kile hakikukauka, na kanisa letu lote lilikuja na madebe likachota bure. Kilichimbwa na marehemu mumewe, Mzee Githinji, kwa jembe lake na sururu yake. Kwa hiyo ukigusa kisima umemgusa mzee, na ukimgusa mzee umetafuta vita.

Mimi nami sikuwa mtu wa kukimbia vita. Naitwa Nasike, Mbukusu, niliolewa na Macharia, mtoto wake. Siku niliyoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, mama huyo aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza kama kwetu wanaume waliisha. Nikamwambia wapo wengi, ila hawakunililia kama huyu wake. Tangu hapo tukawa hivyo. Yeye ananirushia, mimi namrudishia, Macharia yuko katikati anakunywa chai yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa na jibu lake. Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka pia, tena ikiwa imeshaanza kucheza. Kwa hiyo ya tatu ilipoingia, mwaka wa themanini na saba, sikumwambia mtu ila Macharia, na nilikuwa natembea kama nimebeba trei ya mayai. Mama mkwe akajua hivyo hivyo, maana macho alikuwa nayo. Safari hii hakunirushia neno. Aliniletea kikombe kikubwa cha maji ya kisima, akanishikisha kwa mikono yake miwili. "Kunywa," akasema. "Maji safi yanashika mtoto." Haki ya Mungu alisema kwa upendo, na mimi nikanywa mpaka mwisho.

Sasa kulikuwa na jirani yetu mmoja, Jemutai, mama Mnandi aliyekuwa akituletea maziwa asubuhi. Huyo ukimkaribisha chai alikataa. Leo ameshiba, kesho ana haraka, keshokutwa anafunga. Miaka na miaka. Asubuhi moja, nikiwa na kichefuchefu na hasira zangu za mimba, nikamuuliza wazi wazi, "Mama Jemutai, kwani chai yetu ina nini?"

Akaangalia upande wa duka, akaona Nyaguthii anapimia mtu sukari. Akashusha sauti. "Si chai, mtoto wangu. Ni maji."

Akaniambia kwamba alizaliwa kwenye shamba lile lile, wakati lilikuwa la mzungu, kabla kampuni ya kununua mashamba haijalikata vipande na kuwagawia akina Mzee Githinji. Baba yake ndiye aliyekuwa akiswaga ng'ombe kwenye dipu, lile josho la kuwaogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Dawa ikichafuka, ilimwagwa kwenye shimo. Mzungu alipoondoka, shimo likafukiwa, majani yakaota juu. "Baba alitukataza kukanyaga pale na miguu mitupu," akasema. "Na pale ndipo kisima kilipo."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nilinyamaza saa ngapi? Nilimwambia Mzee siku alipoanza kuchimba. Alikuwa anafurahia udongo ni laini. Nikamwambia ni laini kwa sababu ulishachimbwa. Akasema sawa, atajaribu kwanza na kondoo."

Kondoo! Jamani, nani kwenye ile familia hakujua habari ya kondoo. Ilisimuliwa kila Krismasi. Kwamba maji yalipotokea, Mzee hakuruhusu mtu aonje. Alimfunga kondoo dume pale kando, akamnywesha maji ya kisima peke yake kwa wiki nzima, na kondoo akanenepa. Halafu pasta akaja akaomba, kondoo akachinjwa, watu wakala, wakashushia na maji. Ndivyo walivyofanya watu wengi waliohamia huku wakachimba visima kwenye ardhi wasiyoijua: mnyama kwanza, mtu baadaye. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka nimeichoka. Siku hiyo niliisikia upya, na nikakasirika hata nikasahau kichefuchefu. Kondoo aliulizwa swali la wiki moja, mimi nikapewa maji ya maisha. Na kwanza alikuwa dume! Angepoteza mimba gani?

Jioni nikamwambia Macharia. Akakuna kichwa, akasema maji yalishapimwa na watu wa afya, wakati ule wa kipindupindu, na hawakupata kidudu hata kimoja. Kweli, walisema hivyo na hawakudanganya. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nisiende nikalitaja neno sumu sokoni. Miaka hiyo ungeitwa kwa chifu ueleze unawatisha wananchi kwa niaba ya nani. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye shule moja ya sekondari mjini Eldoret, na ndugu yangu Kituyi alifundisha baiolojia hapo hapo. Nikamfuata maabara, nikamwaga yote. Akaacha kutafuna muhindi wake wa kuchoma.

"Kidudu ni kitu kingine, sumu ni kitu kingine," akasema. "Kidudu ukichemsha maji kinakufa. Sumu ya dipu ukiichemsha inabaki pale pale, maji ndiyo yanapungua."

"Basi yapimwe hiyo sumu."

"Hiyo ni maabara ya serikali, Nairobi. Na Nairobi watajibu wakijisikia. Wewe una muda?"

Nikaangalia tumbo langu, nikamwangalia yeye. Nikamuuliza kuhusu wale sungura wa shule, si tuwanyweshe tuone? Akatikisa kichwa. "Sungura dume atakuwa kama kondoo wenu. Sungura jike mwenye mimba, tungoje tuone kama zitatoka? Tumuue mwingine mwenye mimba ili tukuokoe wewe? Hapana. Tutauliza kitunguu."

Nilidhani ndugu yangu amerukwa na akili. Lakini alikuwa amesoma kwamba kuna watu ng'ambo wanapima maji hivyo hivyo. Akanieleza taratibu. Kwamba ncha ya mzizi wa kitunguu ni mahali pa kazi usiku na mchana, chembe moja inajigawa inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, ndiyo mzizi unarefuka. "Na wewe tumboni," akasema, "kazi ni hiyo hiyo. Hakuna nyingine. Maji yakiwa yanazuia kazi kwenye mzizi, hatungoji kuona yatafanya nini kwingine." Kisha akanionya: kitunguu hakitasema ni sumu gani, na hakitasema ni nini kilichonipata zamani. Kitasema tu kama ndani ya maji hayo mna kitu kinachokataza uhai kukua. Nikamwambia hilo linanitosha.

Nilipofika nyumbani na habari hiyo, mama mkwe alicheka mpaka akashika meza ya duka. "Kondoo wa mume wangu alitoa ushahidi mbele ya pasta," akasema, "na wewe unaniletea kitunguu! Kesho utaniletea sukuma wiki." Halafu kicheko kikakatika. Akaelewa ninachosema juu ya kisima cha Mzee. Uso ukamkauka. Nikangoja matusi, lakini alienda akafungua gunia lake la vitunguu. "Nitachagua mimi," akasema. "Sitaki uniletee vibovu vya mjini."

Akachagua vizuri, siwezi kumsingizia. Vidogo, vigumu, vyote sawa. Nikavikwangua chini pale kwenye mizizi mikavu kama Kituyi alivyonionyesha, nikavikalisha kwenye midomo ya glasi, makalio yakigusa maji tu. Vitatu kwenye maji ya mvua, vitatu kwenye maji ya kijito cha bondeni yaliyochemshwa yakapoa, vitatu kwenye maji ya kisima. Nikavipanga dirishani jikoni. Na kisima sikukinywa tena. Nilijitekea kijitoni asubuhi kabla ya kazi. Mama mkwe aliniona nikipita na debe mbele ya kisima chake, akageuza uso.

Sasa sikiliza. Mimi nimepika na vitunguu maisha yangu yote. Nimevikata, nimevililia, nimevikaanga. Sikuwahi kukitazama kimoja kikiishi. Asubuhi ya pili vile vya maji ya mvua vilikuwa vimetoa vidoti vyeupe kuzunguka makalio, vidogo kama meno ya mtoto. Jioni vidoti vimekuwa nyuzi. Kesho yake nyuzi zimekuwa ndefu, nyeupe, zinang'aa zikipigwa na jua la dirishani, zinashuka moja kwa moja kana kwamba kuna mtu chini ya glasi anaziita. Nilichelewa kazini nikizitazama. Hakuna udongo, hakuna mbolea, hakuna mtu aliyezigusa. Maji tu. Nilijikuta nimeweka mkono tumboni na nanong'ona, "Wee! Wee! Angalia!" Sijui nilikuwa namwambia nani.

Vya kijito vilikuja nyuma kidogo, lakini vilikuja. Vya kisima vilitoa vidoti. Basi. Vidoti vikabaki vidoti, vikageuka kahawia, na viwili vitatu vilivyojaribu kurefuka vikapinda juu kama ndoana, vinayakimbia maji.

Nikamwita mama mkwe. Akaja na kitambaa chake cha kufutia mikono, akainama, akatazama glasi zote, mwanzo hadi mwisho, akarudia. "Ni mkono wako," akasema. "Una mkono mbaya. Umeviweka vya kisima kwa chuki." Na akatoka. Ah! Nilitaka kumrushia glasi. Macharia ndiye aliyenishika.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka mjini nikamkuta ananingojea mlangoni, amevaa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu harusi. "Njoo uone," akasema. Akanipeleka dirishani, akanionyesha glasi za kisima. Ndani yake mlikuwa na mizizi mirefu, myeupe, imejaa glasi. "Eh? Kisima cha nani kina sumu?"

Nikatazama glasi za mvua. Juu yake vimekaa vile vitunguu vya vidoti vya kahawia. Alikuwa amevibadilisha! Mama wa watu wazima, mama wa kanisa, amehamisha vitunguu. Nilifungua mdomo nimwambie kila kitu nilichokuwa nimekusanya tangu siku aliyoniuliza habari za wanaume wa kwetu. Halafu nikaona anavyonitazama. Hakuwa anadanganya kama mwizi. Alivihamisha kwa mkono wake mwenyewe ili kuonyesha kwamba mkono wangu ndio ulikuwa mbaya. Alikuwa na hakika kabisa kwamba vitaendelea kumea.

"Sawa, Mama," nikasema. "Viache hapo. Mimi sitavigusa. Wewe ndiwe utavilinda."

Na akavilinda. Wateja walikuwa wanapiga hodi dukani, yeye yuko jikoni kwenye kiti. Mwanzoni alikuwa ananiambia kila nikipita, "Bado viko sawa." Baadaye akaacha kuniambia. Ile mizizi mirefu ilisimama. Ikawa ya manjano kwenye ncha, halafu ikalegea, halafu ikalala chini ya glasi kama tambi zilizopikwa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameigusa, na yeye alijua.

Lakini si vitunguu hivyo alivyokuwa akivitazama. Nilimkuta amevipa mgongo, ameelekea upande wa maji ya mvua. Vile vitunguu vilivyoanzia kwenye maji ya kisima, vile nilivyodhani vimeshakufa, vilikuwa vimetoa vidoti vipya. Vyeupe. Vinatokea pembeni ya vile vya kahawia, vinasukuma. Mama mkwe alikuwa ameweka kidole karibu na glasi bila kuigusa.

"Nasike," akasema, na hakuniita hivyo mara nyingi. "Vilikuwa vimekataa kabisa."

"Ndiyo, Mama."

"Vimetolewa tu kwenye hayo maji."

"Ndiyo, Mama. Basi."

"Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa Kikikuyu. "Kuna mahali mtu anaweza kuona ndani?"

Nikampeleka shuleni kwa Kituyi, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Kituyi alikata ncha za mizizi, akazitia rangi nyekundu, akazibonyeza kwenye kioo, akakipandisha kwenye darubini. Nilitangulia mimi. Nikaona safu za vyumba vidogo, vimepangana kama punje kwenye muhindi, na ndani ya vyumba vingine nyuzi nyekundu zimesimama katikati, na katika vingine zimeshaachana, nusu huku, nusu kule, kama akina mama wawili wanaokunja shuka na kila mmoja anarudi kwake. Kitu hiki kilikuwa kinatendeka kwenye kitunguu cha dukani! Kilikuwa kinatendeka ndani yangu nikiwa nimesimama pale, bila mimi kufanya lolote, bila mimi hata kujua jinsi ya kukisaidia.

Mama mkwe akainama. Kituyi akamrekebishia jicho la darubini. Alitazama muda mrefu, midomo inacheza, sijui anaomba. Kituyi akabadilisha kioo, akaweka cha kisima. Vyumba vilikuwepo, lakini vimefunga. Hakuna nyuzi zilizosimama, hakuna zilizoachana. "Hapa kazi imesimama, Mama," Kituyi akasema kwa upole.

Hakuinua kichwa. Akasema humo humo kwenye darubini, kama anayeongea na vyumba vile, "Walikuwa watatu."

Nikadhani anasema juu ya vitunguu.

"Macharia nilimleta Kapseret mgongoni, alikuwa ameshaanza kutembea. Kisima tukachimba. Baada ya hapo walikuwa watatu. Wa kwanza alifika mpaka akawa na nywele." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Mzee alikuwa ananiletea maji. Kila mara, akitoka shambani, ananiletea maji kwanza. Anasema kunywa, yanashika mtoto."

Kituyi alitoka nje. Miaka yote nilidhani yule mama ananiangalia kama mtu aliyeshindwa kazi, kumbe alikuwa ananiangalia kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyoishi yeye. Nikamshika bega. Hakuniondoa.

Hakungoja chifu wala Nairobi. Jumapili alisimama kanisani, mbele ya watu waliochota kwake wakati wa njaa, akasema kisima kimefungwa, na aliyechota ayamwage. Pasta akauliza ni nani amesema. "Ni mimi nimesema," akajibu. "Nimeona kwa macho." Mtu mmoja akanong'ona habari za kondoo. Akamgeukia. "Kondoo tulimla," akasema, "hatukumuuliza." Kisha akaenda mwenyewe kwa Jemutai, mlangoni, na sijui waliongea nini, lakini alirudi macho mekundu na Jemutai amemshika mkono. Wiki hiyo wanaume wakafukia. Alisimama pale mpaka udongo ukafika juu, hakulia, na mtu alipotaka kutupa mawe kwa nguvu alimkemea atupe polepole.

Majibu ya Nairobi, ambako Kituyi alikuwa ametuma chupa ya maji, yalikuja baadaye sana, wakasema ni arseniki, ile sumu ya dawa za zamani za dipu, na kwamba ni nyingi. Wakati huo hatukuyahitaji.

Kuanzia hapo hadi mwisho wa mimba sikubeba tena maji. Mama mkwe wangu aliamka alfajiri, akavaa ile kamba yao Wakikuyu ya kubebea kwenye paji la uso, akashuka bondeni, akapanda na pipa mgongoni. Wanawake wenzake walimcheka, mkwe anamtekea mke wa mtoto! Nilimwambia aache, nikamkasirikia, nikamfichia kamba. Akanunua nyingine. Akifika ananimiminia kikombe, anakionja yeye kwanza, halafu anakumbuka, anacheka kwa aibu, "Nimekuwa kondoo."

Mtoto alishika. Alizaliwa msichana, mkubwa, analia kwa hasira, na manesi wakasema huyu amefanana na mama yake kwa mdomo. Sasa kwa desturi ya Wakikuyu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama wa baba yake. Hakuna mjadala. Mwanamke hungojea siku hiyo maisha yake yote, azaliwe tena na yeye yupo anaona. Macharia alishatangaza mpaka kule soko la Ziwa kwamba Nyaguthii amezaliwa.

Mama mkwe alimchukua mtoto, akampeleka dirishani palipo na mwanga. Akamfunua kichwa, akapitisha kidole kwenye nywele, nyingi, nyeusi, bado zina unyevu. Nilidhani anajitazama.

"Nasike," akasema, "usimwite mimi."

"Mama, si ni lako? Jina ni lako."

"Langu ninalo. Nimelitumia mpaka limechakaa." Akamsogeza mtoto kifuani. "Mwite Wamucii. Yule wangu mwenye nywele alikuwa aitwe Wamucii. Hakuna mtu aliyewahi kumwita."

Mimi, ambaye sijawahi kumkubalia huyo mama jambo hata moja bila kubishana, nilisema ndiyo. Akainama sikioni mwa mtoto, akamwita. Akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wodi nzima ikasikia.